Juu ya Fenesi na Siha ya Watu wa Mpakani



Mtu atokaye Tororo kuja Busia asubuhi na mapema, kabla jua halijaukausha umande juu ya mihogo na mtama, hupishana njiani na baiskeli ambazo kwa mbali hazifanani na baiskeli, maana mwendeshaji haonekani ila kichwa na magoti, na sehemu yake iliyosalia imefichwa na matunda makubwa ya kijani yenye ngozi ya vinundu, yaliyofungwa kwa kamba za mpira, mawili ubavu wa kuume na mawili ubavu wa kushoto, na moja, lililo kubwa kupita yote, limekalishwa juu ya kiti cha nyuma mfano wa abiria aliyekwisha kulipa nauli yake. Baiskeli hizo ni wajukuu wa baiskeli zile zilizoipatia Afrika ya Mashariki neno la bodaboda, kwa kuwa ilikuwa hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, ambapo vijana walianza kuwabeba wasafiri waliochoka kutoka kituo kimoja cha forodha hadi cha pili, wakinadi "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Abiria wa kijani akaaye leo juu ya kiti kile ndiye niliyekuja kumzungumzia mbele yenu: fenesi, ambalo ng'ambo ya pili ya mpaka huitwa fene, na ambalo watoto wa pande zote mbili hulitambua kwa harufu kabla hawajaliona kwa macho.

Nimeombwa niseme juu ya matunda na siha. Ningeweza kuyataja matunda yote, nikaligawia kila moja dakika mbili, nanyi mkarudi nyumbani mkiwa mmesikia majina mengi na kujua kidogo. Nimechagua tunda moja lililo jingi kwetu kuliko heshima tunayolipa, na kauli yangu juu yake ni moja tu: kwamba fenesi ni chakula, na lipewe haki ya chakula, litengewe mahali pake katika mlo, lipimwe, ligawanywe, liliwe pamoja na kokwa zake, lisitukuzwe kuwa dawa ya kila maradhi wala lisidharauliwe kuwa mchezo wa watoto njiani. Yote nitakayosema baada ya hapa ni sababu za kauli hiyo.

Kwanza nieleze tunda hili limetoka wapi, kwa sababu huko Ulaya na Marekani huuzwa kwa sifa ya ugeni, likawekwa katika maduka kama kitu cha ajabu kilichotoka nchi za joto, na mnunuzi hulipia ugeni huo fedha nyingi. Ilhali kwetu kosa lake ni kwamba limezoeleka. Ukweli ni kwamba hapa nalo ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi, katika misitu yenye mvua ya milima ya Ghati za Magharibi, na jina lake hushuhudia safari yake: kwa Kisanskriti huitwa panasa, kwa Kimarathi huitwa phanas, na majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurejea na kusi yakalifikisha jina hilo Pwani, ambako Waswahili walilitia irabu zao likawa fenesi, na kutoka Pwani likapanda bara hata likawa ffene katika vinywa vya Waganda. Wareno walilikuta Malabar, ambako wenyeji walikuwa wakiliita chakka, wakaliita jaca, na kwa njia hiyo lugha nyingi za Ulaya zikapata jina lao. Hivyo jina moja lilishika njia ya magharibi na jingine njia yetu, na tunda lenyewe ni lile lile.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alilieleza fenesi alipofika India, akapambanua yale yaliyozaa karibu na ardhi, yaitwayo barki, na yale yaliyozaa juu ya mti, yaitwayo shaki, akasema kwamba ya chini ndiyo matamu zaidi. Mimi nililelewa Mvita, na wazee wetu hawakupata kukisoma kitabu chake, lakini walipomtuma mtoto kuangua fenesi walimwambia aanze na lile lililokaribia kugusa udongo.

Wala si fenesi peke yake lililokuja na kuhamia. Papai, nanasi, pera na pasheni asili yake ni Amerika. Embe ni Mhindi kama fenesi. Ndizi, ambayo Mganda angekushangaa ukimwambia si yake, mababu zake wametoka kusini-mashariki ya Asia. Ukwaju ni mwenyeji kweli, na Wateso wa huku na wa huko ambao hutia maji ya ukwaju katika ugali wa wimbi wanakula chakula ambacho mizizi yake haikupanda chombo. Mpaka wetu wenyewe ni mgeni zaidi ya matunda hayo. Hata mwaka 1902 ardhi hii tunayokaa, yenye Wakhayo na Wasamia na Wateso, na nchi yote hata karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo Waingereza walipouhamisha kwa waraka mmoja ukawa wa upande ulio Kenya leo. Msamia aliyelala Uganda akaamka katika himaya nyingine hakubadilisha chakula chake asubuhi ile.

Sasa tuutazame mti wenyewe, kwani ndio ulionifanya niupende mji wa Tororo siku ya kwanza. Nilifika huko nikiwa kijana, mwalimu mpya, nikitazama dirishani mwa basi lile Jiwe la Tororo, ambalo ni mabaki ya volkano iliyozimika tangu dahari, limesimama peke yake katikati ya nchi tambarare mfano wa mnara wa msikiti usio na msikiti. Chini ya kivuli cha mfenesi, si mbali na reli ile iliyopita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, alikuwa ameketi mama mmoja na jani la mgomba mbele yake. Nikautazama ule mti kama mtu aliyekutana ugenini na jirani wa kwao. Mfenesi hauzai kama mwembe, ambao huyatundika matunda yake kwenye ncha za vitawi. Huzaa katika shina lake lenyewe na katika matawi mazito, kwa hekima iliyo dhahiri, maana hakuna kitawi kingeweza kulibeba tunda la kilo 10 au 20, na yako mafenesi yapitayo kilo 40, hata wataalamu wa mimea wakakiri kwamba hakuna tunda la mti lililo kubwa kuliko hilo duniani. Na si tunda moja bali ni jamii ya matunda. Kila kinundu katika ganda lake ni ua moja lililokuwa kando ya mwenzake, na kila kifuko cha manjano kilichomo ndani, chenye kokwa yake, ni tunda la ua mojawapo lililochavushwa. Na zile nyuzi zilizojazana katikati, ambazo tunazitupa, ni maua ambayo hayakupata bahati hiyo.

Yule mama alilipasua fenesi kwa kisu alichokipaka mafuta, na viganja vyake navyo vilikuwa vinang'aa kwa mafuta. Mimi kwa kiherehere cha njaa nilikishika kipande kwa mikono mikavu, na baada ya kula nikaanza kuhangaika na utomvu ule mweupe unaonata kama ulimbo wa kunasia ndege, nikaomba maji.

"Mzee, maji hayautoi," akaniambia, ingawa wakati huo sikuwa na mvi hata moja. "Maji yanaukaza. Nipe hiyo mikono."

Akanimiminia tone la mafuta ya kupikia, akanifuta kwa kipande cha gazeti. Kisha akainama akaziokota kokwa nilizozitema chini, moja baada ya moja, akazitia katika kibakuli chake.

"Samahani, mzee, kama wewe huzitaki hizi, ni zangu. Watoto wanakula jioni."

Niliona haya, hadhirina, na haya ile haijanitoka. Bibi yangu mzaa mama kule Mvita alikuwa akizichemsha kokwa za fenesi, akazimenya ganda lake jembamba jeupe, akazipika kwa tui la nazi na pilipili mbichi, tukazila kwa mkate wa kumimina. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimepata cheti na kazi ya mshahara, nilikuwa nimeyasahau maarifa ambayo mama asiyekuwa na cheti alikuwa nayo kandokando ya reli. Kokwa hizo zikichemshwa katika maji ya chumvi kwa nusu saa, au zikichomwa katika majivu ya moto, huwa na ladha iliyo baina ya njugu mawe na kiazi. Zina wanga wa kushibisha, na protini yake katika kila gramu 100 hufika gramu 6 au 7, ilhali nyama tamu ya manjano haifiki gramu 2. Kokwa mbichi zisiliwe, kwa kuwa zina vitu vinavyolizuia tumbo lisisage chakula sawasawa, navyo huharibika kwa moto. Mtu alaye fenesi akatupa kokwa amekula sehemu ya anasa akatupa sehemu ya riziki. Nyama ilivyo, tukiondoa ganda na nyuzi na kokwa, hupata kama thuluthi ya uzito wa tunda zima. Basi aliye na haja ya kuhesabu shilingi zake na ahesabu vizuri alichonunua.

Tuje sasa katika siha. Katika gramu 100 za nyama ya fenesi bivu, yaani vifuko vinne au vitano vya kadiri, kuna nguvu ya kalori 95 hivi, sukari gramu 19, potasiamu takriban miligramu 450, na vitamini C miligramu 14 hivi. Tena kuna vitamini B6 na magnesiamu, na ile rangi ya manjano ni ishara ya karotini. Ndizi mbivu, tunayoisifu sana, ina potasiamu pungufu na vitamini C pungufu kuliko hiyo. Lakini sitaki kulipamba fenesi kwa sifa zisizo zake. Mwenye kuitafuta vitamini C na aende kwenye pera, ambalo gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 200, na mapera huanguka bure katika nyua zetu yakaliwa na kuku. Fadhila ya fenesi ni ya namna nyingine: kwamba ni tamu kiasi cha kuishinda tamaa ya sukari, na bado ni kitu cha kutafunwa, chenye maji na nyuzinyuzi na madini, ambacho humfanya mlaji atue kabla hajazidisha.

Neno hilo la tamaa ya sukari ndilo linaloniuma. Miaka michache iliyopita nilialikwa katika sherehe ya shule moja ya eneo hili, ambayo sitaitaja. Wageni tuliwekwa chini ya hema, na kila mmoja akaletewa chupa ya soda na biskuti katika karatasi, zote zilizonunuliwa kwa michango ya wazazi ambao wengine wao walikuwa wamekuja kwa miguu. Na hatua ishirini nyuma ya hema ulisimama mfenesi wa shule, na chini yake mafenesi matatu yaliyoiva yalikuwa yamepasuka, yakizungukwa na nyuki na nzi, na harufu yake ikitujia kila upepo ulipogeuka. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari gramu 30 na ushei, sawa na vijiko vidogo vinane, na pamoja na sukari hiyo hakuna kitu kingine cha kuujenga mwili. Nilimwuliza mwalimu mmoja, kwa upole, kwa nini mgeni hakukatiwa fenesi. Akanijibu kwa upole vile vile kwamba wageni wangedhani shule imefilisika. Jibu lile lilinihuzunisha kuliko soda yenyewe, kwa maana lilikuwa jibu la kweli: sisi tumejifunza kuipima heshima ya mgeni kwa kile kilichonunuliwa, na chakula kilichoota uani tumekihesabu kuwa ni ushahidi wa ufukara.

Tazameni pia madereva wa malori. Kabla ya mwaka 2018, ambapo kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi hapa Busia, safu ya malori ilikuwa ikijipanga kilomita nyingi, na dereva aliyetoka Mombasa na shehena ya kwenda Kampala au Kigali angeweza kulala chini ya lori lake siku mbili tatu akisubiri mihuri. Siku hizi taratibu za nchi mbili hufanywa mahali pamoja, na kungoja kumepungua. Lakini mlo wa dereva haukubadilika: chipsi, soda, chai ya sukari nyingi, na kukaa saa kumi akiwa ameshika usukani. Daktari yeyote wa hospitali ya mpakani atawaambia habari za shinikizo la damu na kisukari katika watu wa umri wa miaka arobaini. Naye mama mwenye fenesi hupita katikati ya malori hayo na sinia kichwani. Laiti dereva angenunua kwake vifuko vitano badala ya chupa ya pili ya soda, na jioni akala maharage na mboga, angekuwa ameufanyia mwili wake hisani isiyomgharimu zaidi, na potasiamu ile ingeusaidia mwili kutoa chumvi ya chipsi alizokula mchana.

Nimesema vifuko vitano, wala sikusema nusu ya fenesi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tunda ni kubwa na bei ni ndogo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu ale gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, lakini makusudio ni mchanganyiko wa sukumawiki na kunde na mchicha pamoja na matunda. Mtu akizijaza gramu zote 400 kwa fenesi amekula sukari ya zaidi ya chupa mbili za soda, ijapokuwa imevaa nguo nzuri zaidi. Mwenye kisukari hakukatazwa fenesi, ila na ale vifuko viwili au vitatu, baada ya chakula wala si kwa tumbo tupu, na apime damu yake aone mwili wake unavyosema. Mwenye maradhi ya figo, ambaye tabibu amemwonya juu ya potasiamu, hali yake ni nyingine kabisa: huyo asile bila idhini, kwa sababu kile kile kimfaacho dereva chaweza kumdhuru moyo. Na aliye na mzio wa mpira na ajihadhari na utomvu.

Nimeona pia, katika masoko ya pande zote mbili, vijana wenye vipaza sauti wakinadi unga wa kokwa za fenesi kwamba huponya kisukari, saratani, na udhaifu wa kiume kwa pamoja. Nawaomba msiwape fedha zenu. Kitu kinachodaiwa kuponya maradhi matatu yasiyo na nasaba moja hakijathibitishwa kuponya hata moja, na mtu aachaye vidonge vyake kwa ajili ya kijiko cha unga huo ameufupisha umri wake. Kadhalika msipumbazwe na habari itokayo ng'ambo kwamba fenesi bichi ni nyama ya mimea. Wabengali na watu wa Lanka wamelipika fenesi changa kama mboga kwa karne nyingi, kwa viungo na nazi, na ni mboga nzuri, nami nawasihi mlijaribu. Lakini ufanani wake na nyama ni wa nyuzi zake tu. Sahani ya maharage yetu ina protini inayolizidi mara nyingi, na haikuhitaji kutangazwa.

Niseme kidogo juu ya wale wanaolileta tunda hili. Mafenesi mengi yanayoliwa Busia ya Kenya, na yanayosafiri hadi Kisumu na Nairobi, hutoka Uganda, katika nchi za Busoga na Buganda ambazo ardhi yake na mvua yake vinaupendeza mti huu, na wachuuzi wadogo walio wengi ni wanawake. Kwa muda mrefu mama hao waliziogopa ofisi za forodha, wakapita njia za panya, kule mtaa wa Sofia na kwingineko, ambako mzigo wa fenesi uliweza kunyang'anywa, au kupitishwa kwa rushwa iliyozidi faida. Sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa huruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, kupita kwa cheti chepesi cha asili bila kutozwa ushuru wa forodha. Fenesi limo. Mama asiyeijua haki hiyo huuza kwa hofu, na auzaye kwa hofu huuza upesi, juani, kando ya vumbi la malori, bila kifuniko wala maji ya kunawa. Na hapo siha ya mlaji huanzia katika amani ya muuzaji. Ukinunua kipande kilichokatwa, tazama kama kimefunikwa na kama kisu ni safi. Ikiwezekana, nunueni fenesi zima majirani watatu au wanne pamoja, mlipasue nyumbani. Lenyewe limeumbwa kwa namna ambayo mtu mmoja hawezi kulimaliza kabla halijaharibika, na katika nyumba za Pwani, fenesi lilipopasuliwa, mtoto alipelekwa mbio na sahani nyumba ya kulia na nyumba ya kushoto kabla wenye tunda hawajaonja.

La mwisho ni habari ya Lanka, kisiwa ambacho watu wake huuita mfenesi mti wa wali, kwa kuwa mpunga ulipokosa waliishi kwa fenesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na bwana mmoja huko, Arthur V. Dias, mtu wa mashamba na mpigania uhuru, aliyefungwa na Waingereza katika ghasia za mwaka 1915. Naye, baada ya kutoka, alianzisha jitihada ya kuwahimiza watu wa kisiwa wapande mifenesi milioni moja, akigawa mbegu na miche, ili taifa lisiwe na njaa siku meli za mchele zitakapokosa kufika. Watu wakampa jina la Kos Mama, maana yake mjomba fenesi, na hata leo jina hilo linajulikana kuliko lake mwenyewe. Bangladesh wamelifanya fenesi kuwa tunda la taifa, na jimbo la Kerala, ambako Wareno walilikuta likiitwa chakka, lilitangaza mwaka 2018 kuwa ni tunda rasmi la jimbo. Nchi hizo hazikulitukuza kwa kuwa ni adimu kwao; wanalo kuliko sisi.

Na sisi tunayo ardhi. Kati ya Mto Sio na Mto Malaba kuna nyua nyingi zilizopandwa michongoma na mikaratusi, ambayo haimlishi mtu, na shule nyingi ambazo watoto wake hushinda mpaka saa nane na uji mtupu. Mfenesi uliopandwa kwa kokwa huanza kuzaa baada ya miaka michache, mara nyingi baina ya mitatu na saba, na ukikomaa huweza kutoa matunda mia kwa mwaka, nao hudumu kuliko aliyeupanda. Hauhitaji mbolea ya dukani. Unahitaji tu kulindwa na mbuzi katika mwaka wake wa kwanza, na maji yasisimame katika mizizi yake.

Liko sharti moja ambalo lazima niwaambie kabla hatujatawanyika. Kokwa ya fenesi si kama punje ya mahindi, iwezayo kuwekwa ghalani hata msimu ujao; ikikauka hufa, na haivumilii majuma mengi nje ya tunda. Asubuhi ya leo tulipasua mafenesi mawili kwa ajili ya mkutano huu, na nyama yake mtaikuta katika masinia pale nje, imefunikwa, kila mmoja na achukue vifuko vyake vitano, na mafuta ya mikono yamo katika chupa kando yake. Kokwa tumeziosha utelezi wake, tukazifunga tatu tatu katika vitambaa vibichi, na zimo ndani ya tenga lililo karibu na mlango. Moja ichemsheni muionje. Mbili zitieni ardhini kabla ya Ijumaa, zikilala ubavu, kina cha vifundo viwili vya kidole, mahali ambapo mti mkubwa utapata nafasi, na mzitilie maji kila jioni mpaka mvua zishike.